Njaa Siku Chache Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu huja jioni, mara nyingi siku ya tano au ya sita baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani. Sauti huwa ya chini, kama ya mtu anayekiri kosa. "Nesi, samahani kukusumbua. Nina njaa." Kisha kimya. Ninajua kilichomo ndani ya kimya hicho: hofu kwamba upasuaji haukushika, kwamba mwili wake una kasoro ambayo wenzake hawana, kwamba alilala kwenye kitanda cha upasuaji bure.

Kwa miaka niliyowahudumia wagonjwa hawa, hilo ndilo swali lililonijia kuliko yote, na yaliyo hapa chini ndiyo yanayolifuata. Majibu yanahusu zaidi miezi mitatu ya mwanzo. Pale ambapo timu iliyokupasua imekupa maelekezo tofauti na haya, fuata ya kwao, maana wao ndio waliokuona kwa ndani.

Niliambiwa sitasikia njaa kabisa. Mbona naisikia?

Aliyekuambia hivyo alikupa nusu ya habari. Ni kweli wapo wengi ambao wiki za mwanzo hawasikii njaa hata chembe, na hao ndio wanaosimulia kwa sauti. Wengine huisikia, na hao hunyamaza kwa aibu.

Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni wa aina mbili. Katika ule wa kwanza daktari hukata tumbo kwa urefu na kuondoa asilimia 75 hadi 80, likabaki kama mrija mwembamba. Katika ule wa pili, unaoitwa baipasi, hutengwa kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kinachojaa kwa takriban mililita 30, kisha kikaunganishwa na utumbo mwembamba ili chakula kipite njia ya mkato.

Ile sehemu ya tumbo inayoondolewa katika upasuaji wa kwanza ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1999 na watafiti wa Japani wakiongozwa na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Grelini hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula, kwa hiyo ikipungua mwilini njaa nayo hupoa. Kwa waliofanyiwa baipasi, grelini haibadiliki kwa namna moja kwa kila mtu, ila chakula kinachowahi kufika utumboni huamsha homoni nyingine, GLP-1 na PYY, ambazo huupelekea ubongo habari ya shibe.

Lakini shika neno hilo "kwa wingi". Utumbo mwembamba nao hutoa grelini kidogo. Zaidi ya hapo, madaktari wanajua tangu zamani kwamba hata mtu aliyeondolewa tumbo lote bado anaweza kusikia njaa. Njaa hukusanywa ubongoni, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, na habari zake hutoka tumboni, utumboni, kwenye mafuta ya mwili, kwenye sukari ya damu, hata puani na machoni. Daktari wa upasuaji amemgusa mjumbe mmoja. Wajumbe wengine wako palepale.

Halafu kumbuka ulikotoka. Wagonjwa wengi hupewa mlo mkali wa takriban wiki mbili kabla ya upasuaji ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Ukijumlisha na siku za hospitali, huenda una wiki tatu hujala mlo uliokuwa ukiuita mlo. Mwili una haki ya kuuliza kulikoni.

Basi upasuaji umeshindwa?

Hapana. Njaa ya wiki ya kwanza haipimi upasuaji hata kidogo. Nimewahudumia watu waliolia njaa wiki ya kwanza, na mwezi wa pili wakawa wanategesha kengele ya simu ili wakumbuke kula.

Nitajuaje kama ni njaa yenyewe au ni kitu kingine?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu katika wiki za mwanzo kinachoitwa njaa mara nyingi ni kitu kingine kilichovaa nguo za njaa. Nikipigiwa simu sianzi kwa kusema kula au usile. Naanza kwa kuuliza: iko wapi, imeanza lini, inataka nini?

"Iko wapi" hutenganisha mengi. Ikiwa ni moto au kitu kinachotafuna katikati, chini tu ya mfupa wa kifua, kinachozidi ukilala chali na kutulia kidogo ukimeza kitu kisha kurudi, hiyo nadhani ni asidi, na nitaieleza mbele. Ikiwa ni udhaifu wa mwili mzima, kinywa kikavu, kichwa kizito, mkojo wa rangi iliyokolea, hiyo ni kiu. Kiu ndiyo inayowadanganya wengi zaidi. Kabla ya upasuaji sehemu kubwa ya maji yako ilikuja ndani ya chakula bila wewe kujua: matunda, mboga, mchuzi. Sasa chakula hakipo na maji unayanywa kwa tone, kwa hiyo ni rahisi mno kubaki nyuma. Ikiwa iko mdomoni na kichwani tu, tumbo lenyewe limetulia, huo ni uchu.

Lugha yetu imetusaidia hapa, tusiipuuze. Tuna njaa, tuna uchu, tuna hamu. Njaa huja taratibu, inapanda kidogo kidogo, na haichagui: hata supu isiyo na chumvi itaikubali. Uchu huja kwa kishindo na una jina. Hautaki chakula, unataka kitu fulani, cha moto, chenye mafuta, kinacholia mdomoni kikitafunwa. Ukijiuliza, "Je, ningekubali kikombe cha mtindi mwepesi usio na sukari?" na jibu likaja haraka kuwa hapana, umeshajua unashughulika na nani.

Nilikuwa na mgonjwa, mwanamume wa makamo, aliyesikia njaa kila usiku saa nne kamili. Mchana wote hana shida. Nilimwomba anieleze saa nne anakuwa wapi, amekaaje. Akaanza kueleza, na akiwa anaongea mkono wake wa kulia ukanyooka pembeni, chini kidogo, ukafungua vidole hewani. Akanyamaza akiutazama. Palikuwa ndipo penye kigoda alichokuwa akiweka sahani yake akitazama taarifa ya habari, kwa miaka kumi na zaidi. Hakuwa na njaa saa nne usiku. Alikuwa na kiti. Alihamia upande mwingine wa sebule, akawa anashika kikombe cha maji ya uvuguvugu, na baada ya siku chache ile njaa ikalegea.

Na "imeanza lini"? Ikiwa imekuja saa moja hadi tatu baada ya kunywa kitu kitamu, pamoja na kutetemeka na jasho, soma swali la sukari hapa chini.

Tumbo linanguruma mpaka watu wa chumba kingine wanasikia. Hiyo si njaa?

Tumekua tukiambiwa kwamba tumbo likinguruma lina njaa. Ipo sababu: mwaka 1912 Walter Cannon na A. L. Washburn walichapisha utafiti ambao Washburn alimeza puto lililounganishwa na mtambo, wakaona misukumo ya tumbo ikienda sambamba na nyakati alizosema anasikia njaa. Lakini tumbo lililotoka kukatwa ni habari nyingine. Ndani kuna hewa uliyomeza, kuna maji yanayopita kwenye njia nyembamba, na utumbo ndio kwanza unaamka baada ya dawa za usingizi. Vyote hivyo hulia. Ngurumo bila maumivu, bila kuvimba tumbo, na huku unatoa hewa kama kawaida, iache ilie.

Kuna kitu kinaniunguza chini ya kifua, nikinywa maziwa kinatulia. Nisiite njaa?

Usiite njaa kwanza. Tumbo lililokatwa bado linatengeneza asidi, na katika tumbo lililobaki kama mrija nafasi ni ndogo, hivyo asidi hupanda juu kwa urahisi. Ndiyo maana wengi hupewa dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, kwa miezi kadhaa. Wapo wanaoziacha siku ya nne kwa sababu hawana maumivu, au kwa sababu kidonge kinawatisha kukimeza. Siku mbili baadaye wanapiga simu kusema wana njaa isiyoisha. Ikiwa kidonge ni kikubwa, usikiponde wala usikiache: muulize mfamasia, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi huharibika zikipondwa na zipo za namna nyingine.

Katika swali hilihili kuna jambo ambalo sitaki likupite. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuchimba vidonda tumboni, na kwa aliyefanyiwa baipasi hatari ni kubwa zaidi pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Sigara vivyo hivyo. Kidonda cha aina hiyo huuma mithili ya njaa, na mtu huendelea kukilisha akidhani anajisaidia. Kabla ya kumeza kidonge chochote cha maumivu ambacho hukuandikiwa na timu yako, uliza.

Niko kwenye hatua ya vinywaji, na ninamaliza kikombe bila kusikia chochote. Kweli tumbo langu limepunguzwa?

Limepunguzwa. Kimiminika hakikai tumboni kikangoja, kinateremka. Hisia ya kushiba hutegemea kwa sehemu kubwa tumbo kutanuka, na neva kuupasha ubongo habari ya kutanuka huko. Supu nyepesi haitanui kitu. Isitoshe, siku za mwanzo sehemu iliyopasuliwa imevimba na hisia zake bado hazijatulia, ndiyo maana mmoja akimeza vijiko viwili anaona amejaa hadi kooni na mwingine haoni kitu. Ukubwa wa tumbo lako huwezi kuupima kwa maji.

Subiri siku ya kwanza ya yai. Kwa wengi hatua huenda hivi: siku chache za vinywaji vyepesi, kisha vinywaji vizito hadi karibu wiki mbili, kisha vyakula vilivyosagwa vikawa rojo, kisha vyakula laini kuanzia karibu wiki ya nne, na vyakula vya kawaida baada ya wiki sita hadi nane. Timu hutofautiana, ratiba yako ndiyo sheria. Nilikaa na mama mmoja siku yake ya kwanza ya yai laini. Alikuja amekasirika, amesema waziwazi kwamba hajasikia shibe tangu apasuliwe. Akachota nusu ya kijiko cha chai, akatafuna kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa, akameza, akangoja. Akachota tena. Baada ya kijiko cha nne akaweka kiganja chini ya kifua, macho yakamtoka. "Hapa," akasema. "Kuna kitu hapa." Ilikuwa ndiyo shibe yake mpya, na haikufanana na ile ya zamani hata kidogo. Kwa wengine shibe hiyo huja kama kwikwi, kama kushusha pumzi ndefu, hata kama kamasi jepesi linalochuruzika ghafla. Ukiiona, weka kijiko chini hata kama kimejaa.

Naweza kuonja kidogo tu cha kutafuna ili njaa itulie?

Naomba usifanye hivyo. Najua neno "kidogo tu" linatoka wapi, na silidharau. Lakini kumbuka kilichomo ndani: mshono mrefu ulioshikwa kwa pini ndogo za chuma, ambao mwili bado unaufunika kwa nyama mpya. Wiki za mwanzo ndipo mshono huo unapoweza kuvuja, na kuvuja kwa tumbo ni jambo la kufa na kupona. Kipande cha nyama kikikwama kwenye njia iliyovimba, utatapika, na kila kutapika ni msukumo mkubwa mahali hapohapo.

Kutafuna na kutema nako sikushauri. Kutafuna huamsha asidi na mate, hukufanya umeze hewa, na mara nyingi kitu hupita.

Ikiwa umeshakula kitu nje ya hatua yako, usijifiche. Rudi kwenye vinywaji, jiangalie kwa dalili nilizoziandika mwishoni, na uwaambie timu yako. Hakuna atakayekufokea, na anayefokea amekosea kazi.

Njaa inapobana usiku, nifanye nini hasa?

Anza na maji, kisha dawa ya asidi ikiwa hukuimeza, kisha protini, kisha usingizi. Kwa mpangilio huo.

Maji kwanza. Chukua kile kikombe kidogo cha kupimia dawa, cha mililita 30. Weka kijazo kimoja kila robo saa, ukikinywa kwa mafunda madogo, si kwa mkupuo. Hesabu yake inatia moyo: mililita 120 kwa saa, na kwa saa 14 za kuwa macho unapata mililita 1,680, ndani ya lita moja na nusu hadi mbili ambazo wengi huagizwa. Wengi huona maji ya uvuguvugu yanatuliza kuliko ya baridi. Vinywaji vyenye gesi viache kabisa.

Ikiwa baada ya vijazo viwili vitatu bado ipo, basi inawezekana ni njaa, na njaa hujibiwa kwa chakula cha hatua yako. Hakuna ushujaa katika kukaa na njaa ya kweli. Wazee walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, na mwili unaoponya jeraha haufai kulegezwa. Angalia umepata protini kiasi gani tangu asubuhi. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Siku za mwanzo wengi hawafiki, na hilo linatarajiwa, lakini aliyepata gramu 15 mchana kutwa asishangae usiku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban gramu 8. Ukikoroga ndani yake vijiko viwili vya mezani vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta unaongeza kama gramu 5 bila kuongeza ujazo. Yai moja lina kama gramu 6, hatua yake ikifika. Gawanya katika milo midogo mitano au sita, kwa sababu mtu anayengoja asikie njaa sana ndipo anywe, hunywa kwa pupa.

Ukianza kula vya kusagwa, usichanganye maji na chakula. Kula kwanza, taratibu, dakika 20 hadi 30, kisha subiri takriban nusu saa ndipo unywe. Maji juu ya chakula hukisukuma chini, na shibe huondoka nacho.

Usingizi nimeuweka mwisho lakini nauchukulia kwa uzito. Kukosa usingizi hupandisha grelini na kushusha leptini, homoni ya shibe inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Mgonjwa anayepata usingizi wa saa nne tu kwa sababu ya maumivu, kesho yake atakuwa na njaa, na dawa yake ni kutuliza maumivu, si chakula.

Ninawaza chakula mchana kutwa. Nimeanza kukiota. Nina ugonjwa wa akili?

Huna. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, vijana wenye afya, kwa miezi sita. Walianza kuongea chakula asubuhi hadi jioni, kukiota, kusoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo hadithi. Hawakuwa walafi. Walikuwa na upungufu, na ubongo uliopungukiwa huelekeza macho yote kwenye kitu kimoja. Wewe sasa uko kwenye upungufu mkubwa wa makusudi, kwa hiyo picha za chakula zitakuja.

Lakini si hilo tu, na hapa naongea na yule ambaye chakula kilikuwa rafiki yake. Wengi niliowahudumia walikuwa wakila walipofiwa, walipoachwa, walipotukanwa kwa sababu ya umbo lao. Upasuaji umemwondoa rafiki huyo kwa siku moja, na majonzi yako palepale. Kuna dada aliniambia, wiki ya pili: "Sina njaa, nesi. Nimefiwa na chakula." Nililia naye. Msiba wa namna hii hauponi kwa kujikaza. Tafuta mshauri wa saikolojia ambaye timu yako inamfahamu, mapema, kabla pombe au kitu kingine hakijachukua nafasi iliyobaki wazi. Pombe baada ya upasuaji hupanda kichwani haraka na kwa nguvu zaidi, na wapo waliotoka kwenye chakula wakaangukia humo.

Mimi ndiye ninayepika nyumbani. Harufu inanimaliza.

Omba mtu mwingine apike kwa wiki mbili tatu. Uliomba ruhusa kazini, omba na jikoni. Ikishindikana, kunywa mlo wako kabla hujawasha jiko, na usionje. Aonje mwingine chumvi.

Nina kisukari. Nitofautisheje njaa na sukari kushuka?

Usitofautishe kwa kubahatisha: pima. Baada ya upasuaji sukari inaweza kuteremka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua vya kutosha, na dozi ya insulini au ya vidonge kama glibenklamidi na glimepiridi iliyokufaa mwezi uliopita sasa ikawa kubwa mno. Njaa ya ghafla yenye jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na mawazo kuvurugika ni ishara ya sukari kushuka mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli, au 70 kwa miligramu, ipandishe mara moja kwa maelekezo uliyopewa. Huo si wakati wa kuogopa sukari. Kisha piga simu siku hiyohiyo ili dozi ibadilishwe.

Wasio na kisukari nao wanaweza kuonja kitu kinachofanana, hasa wa baipasi. Ukinywa kitu kitamu, kinaporomokea utumboni kwa wingi. Dakika 10 hadi 30 baadaye tumbo linasokota, unaharisha, moyo unadunda. Au saa moja hadi tatu baadaye, insulini iliyotoka kwa wingi imeishusha sukari kupita kiasi, na unapata njaa kali. Ukiijibu njaa hiyo kwa kitu kitamu kingine, mzunguko unaanza upya. Aina hii ya pili huwapata zaidi watu waliomaliza mwaka au zaidi, lakini juisi na chai yenye sukari vinafaa kuachwa tangu mwanzo.

Kuna dawa zinazoleta njaa?

Zipo. Dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za sonona kama mirtazapini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Mwambie daktari aliyekuandikia kwamba umepasuliwa na njaa imezidi.

Njaa ya kweli itarudi lini?

Kwa wengi waliokuwa hawaisikii, hurudi kati ya miezi michache na mwaka. Hushtua, maana mtu alishajiona amepona njaa. Njaa ni ishara ya mwili mzima, na aliyeipoteza kabisa anapaswa kula kwa kufuata saa ili asikose protini. Wewe uliyeisikia tangu siku ya tano umeanza mapema kujifunza kuihoji.

Nisingoje lini?

Usingoje asubuhi ikiwa una homa ya nyuzi 38 au zaidi, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, maumivu mapya ya bega, pumzi fupi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kinyesi cheusi, au kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai. Hizo ni dalili za kwenda hospitali wakati huohuo, hata kama jana uliambiwa unaendelea vizuri. Na aliyetapika kwa siku kadhaa, kisha akaanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea au kuchanganyikiwa, anaweza kuwa amepungukiwa na vitamini B1. Wanaomwuguza wamwambie daktari maneno hayo hayo, "anatapika, amepasuliwa tumbo, anayumba", kwa sababu upungufu huo usipotibiwa haraka unaweza kuacha madhara ya kudumu ubongoni.

Nikipiga simu kusema nina njaa, hawataniona mlafi?

Piga. Ili tukusaidie haraka, andika kwenye karatasi kabla ya kupiga: siku ya ngapi tangu upasuliwe, saa njaa ilipoanza, iko sehemu gani ya mwili, umekunywa nini na kiasi gani tangu asubuhi, dawa ulizomeza na ulizoruka, mara ya mwisho kukojoa na rangi ya mkojo. Usianze kwa samahani. Anza na siku ya ngapi.